SOMO LA UFUNDI: PAMPU YA KUOSHEA KWA PRESHA INAPOGOMA



Awe ni mwenzetu wa mtambo wa umeme wa Rusizi II, wa kiwanda cha chai cha Shagasha au wa kiwanda cha saruji cha Bugarama, kila mmoja wetu anaijua kazi ya kuondoa matope, grisi na vumbi lililoganda kwenye chuma. Zamani kazi hii ilifanywa kwa brashi na ndoo. Siku hizi, katika sehemu nyingi za kazi, hufanywa kwa mashine ya kuoshea kwa presha, yaani mota au injini ndogo, pampu, mpira mrefu na bunduki ya maji. Mashine hii imepunguza jasho, lakini imeleta maswali mapya. Ikigoma, nani anajua sababu? Na ikiharibika, nani anabebeshwa lawama?

Somo hili lina madhumuni matatu. Kwanza, kueleza jinsi pampu inavyofanya kazi. Pili, kuonyesha njia ya kutafuta hitilafu kwa mpango, wala si kwa kubahatisha. Tatu, kukumbusha haki na usalama wa mfanyakazi anayeishika mashine hiyo. Tunashauri somo lisomwe kwa sauti katika tawi, sehemu moja kwa kila kikao, na ikiwezekana mashine yenyewe iwe mbele ya wanafunzi.

1. MAJI YA MTO NA MAJI YA PAMPU

Tuanze na kitu tunachokiona kila siku. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu, lililo kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ukateremka hadi Ziwa Tanganyika, lililo kiasi cha mita 770. Katika mteremko huo ndipo ulipojengwa mtambo wa Rusizi I karibu na Bukavu, mwishoni mwa miaka ya 1950, na chini yake mtambo wa Rusizi II, ulioanza kazi mwaka 1989. Huu wa pili ni mali ya nchi tatu, Burundi, Rwanda na Kongo (wakati ule ikiitwa Zaire), kupitia shirika la SINELAC.

Maji yaliyosimama ndani ya bomba hukandamiza kwa uzito wake. Kila mita 10 za kimo huleta presha ya bar 1 hivi. Sasa tupige hesabu. Kutoka Kivu hadi Tanganyika ni mteremko wa mita 690. Kama tungeweza kulaza bomba moja toka ziwa hadi ziwa na kulifunga chini, presha ya mwisho wa bomba ingekuwa bar 69 hivi.

Je, mashine ya kuoshea iliyo karakana hutoa presha gani? Tazameni kibao chake. Nyingi huandikwa kati ya bar 100 na 150. Yaani mashine inayosukumwa na mtu mmoja kwa mkono hutoa presha inayopita ile ya mteremko wote wa Rusizi. Yeyote anayeidharau mashine hii kwa udogo wake na alikumbuke jambo hilo.

Tofauti iko katika wingi. Mtambo wa umeme hupitisha maji tani kwa tani kila sekunde. Mashine ya kuoshea hupitisha lita 8 hadi 15 tu kwa dakika nzima. Nguvu ya maji ni presha mara wingi, na hesabu yake ni nyepesi: zidisha bar kwa lita za dakika moja, kisha gawanya kwa 600, jibu ni kilowati. Mashine ya bar 150 na lita 15 huhitaji 150 × 15 ÷ 600, yaani kilowati 3.75, na mota yake hapana budi iwe na nguvu zaidi kidogo ya hapo.

Sasa tushike msingi wa somo zima. Pampu haitengenezi presha. Pampu husukuma maji, basi. Presha huzaliwa pale maji mengi yanaposongamana kwenye tundu dogo la nozeli, ile ncha ya mwisho ya bunduki. Kwa hiyo presha ikipotea, kuna maswali matatu tu:

(a) Je, maji ya kutosha yanafika kwenye pampu?
(b) Je, maji yanatorokea mahali pengine kabla ya kufika kwenye nozeli?
(c) Je, tundu la nozeli limepanuka?

Fundi mwenye kuyajua maswali haya matatu hawezi kupotea. Asiyeyajua hukimbilia kufungua pampu, na mara nyingi hufungua pampu nzima iliyokuwa haina ugonjwa.

2. VIUNGO VYA PAMPU

Pampu nyingi za karakana zina pistoni tatu, ambazo katika mashine za kazi nzito huwa za udongo mgumu wa kauri. Pistoni hizi huendeshwa na shafti au sahani iliyoinama, inayozunguka ndani ya oili. Pistoni ikirudi nyuma, huvuta maji. Ikienda mbele, huyasukuma.

Kila pistoni ina vali mbili ndogo, moja ya kuingizia na moja ya kutolea. Kwa pistoni tatu ni vali sita. Kazi ya vali ni kama ya mlango unaofunguka upande mmoja tu. Kuzunguka pistoni kuna sili za mpira zinazozuia maji yasivuje, na nyuma yake sili nyingine zinazozuia oili isitoke.

Kiungo kingine muhimu ni vali ya kurudishia. Unapoachia kifyatulio cha bunduki, pampu bado inazunguka na maji hayana pa kwenda. Vali hii hufunguka na kuyarudisha maji nyuma yazunguke ndani, ili presha isipande hadi kupasua mpira au kusimamisha mota. Ina skrubu ya kurekebishia, na skrubu hiyo tutaizungumza baadaye kwa sababu imeleta madhara mengi.

3. USALAMA KABLA YA SPANA

Maji ya bar 100 na zaidi hupenya ngozi kama sindano. Jeraha lake hudanganya. Kwa nje ni alama ndogo kama ya kuchomwa mwiba, na pengine mwanzoni maumivu ni machache. Ndani, maji pamoja na uchafu, grisi au sabuni yamekwisha kusambaa katika nyama na kano za kidole. Mwenzetu akipatwa na jambo hili, asifungwe kitambaa akarudishwa kazini. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni jeraha la maji ya presha, ni bar ngapi, na maji yalichanganywa na nini. Ni jeraha la kuonwa na daktari wa upasuaji, na kuchelewa kwa saa chache kunaweza kumpotezea mtu kidole au mkono.

Kwa sababu hiyo:

— Kamwe usitafute mpira unapovuja kwa kidole au kiganja. Tumia kipande cha boksi.
— Usimwelekezee mtu bunduki, hata kwa mzaha, wala usioshe buti zako ukiwa umezivaa.
— Vaa miwani ya kazi, buti na glavu. Lakini jua kwamba glavu ya kawaida haizuii maji ya presha.
— Mashine ya injini ya petroli isiendeshwe ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, inayoua.
— Mashine ya umeme iunganishwe kwenye laini yenye swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja. Waya uliochubuka usifungwe kwa plasta, bali ubadilishwe na fundi umeme.

Kabla ya kufungua nati yoyote, fuata hatua hizi kwa mpangilio huu: zima mashine, chomoa plagi, na kama ni injini, vua waya wa plagi ya moto, funga bomba la maji, fyatua bunduki mpaka maji yaishe nguvu, kisha acha mashine ipoe. Mahali penye watu wengi, weka kufuli kwenye swichi na kibao kisemacho kwamba mtu anaitengeneza. Mashine iliyozimwa bila kufyatuliwa bunduki bado ina presha ndani, nayo humngoja fundi.

4. KUTAFUTA HITILAFU: KUTOKA NJE KWENDA NDANI

Kanuni yetu ni moja. Anza na kilicho nje na kisicho na gharama, malizia na kilicho ndani na cha bei.

Hatua ya kwanza: pima maji yanayoingia. Chukua ndoo ya lita 20 na saa. Chomoa mpira unaoleta maji kwenye pampu, ujaze ndoo, hesabu sekunde. Kama kibao cha mashine kinasema lita 15 kwa dakika, ndoo haina budi kujaa kwa sekunde 80 au chini yake. Na ili pampu isibanwe, yafaa ijae ndani ya dakika moja. Ikichukua dakika mbili, umekwisha kupata ugonjwa, nao si wa pampu.

Hatua ya pili: tazama chujio la kuingizia. Ni wavu mdogo pale mpira unapofungwa. Mchanga, kutu na majani huujaza polepole. Jambo hili linafahamika vizuri mtoni kwetu. Taka za plastiki zinazooshwa na mvua kutoka vilimani hadi Ziwa Kivu zimewahi kuziba milango ya maji ya Rusizi I na kusimamisha mitambo yake. Mtambo wa megawati na mashine ya karakana huugua ugonjwa mmoja mlango wa maji unapozibwa.

Hatua ya tatu: tafuta hewa. Kaza viungo vyote vya upande wa kuingizia na tazama ringi zake za mpira. Kiungo kinaweza kuvuta hewa bila kudondosha hata tone la maji. Ukipaka povu la sabuni kwenye kiungo mashine ikiwa inavuta maji kutoka tangini, povu hunyonywa ndani mahali palipo na ufa.

Hatua ya nne: chunguza nozeli. Kwanza izibue kwa waya mwembamba na uisafishe kwa maji toka mbele kwenda nyuma. Kisha fikiria umri wake. Maji yenye mchanga hulipanua tundu, na jicho halioni. Upana wa tundu ukizidi kwa sehemu moja tu ya kumi, presha hushuka kutoka bar 150 hadi kama bar 102, kwa wingi ule ule wa maji. Theluthi moja ya nguvu imepotea kwa upana usiofika unene wa unywele mnene. Njia nyepesi ya kuhakikisha ni kufunga nozeli mpya yenye namba ile ile na kusoma geji tena.

Hatua ya tano: pima maji yanayotoka. Vua nozeli mashine ikiwa imezimwa, kisha uiwashe na ujaze ndoo kwa saa. Maji yakitoka kwa wingi ulioandikwa kwenye kibao, na yakitoka sawasawa bila kukatika, pampu inasukuma, na shaka irudi kwenye nozeli au vali ya kurudishia. Yakiwa pungufu na hali yanayoingia yanatosha, ndipo tunapoanza kuishuku pampu yenyewe. Hata hivyo ndoo haitoi hukumu ya mwisho, maana vali iliyolegea kidogo huweza kufaulu bila mzigo na kushindwa presha inapopanda.

Hatua ya sita: vali ya kurudishia. Ikikwama wazi, maji huzunguka ndani bila kufika kwenye bunduki. Ifungue, isafishe, tazama springi na ringi zake. Lakini msikubali ile tabia ya kukaza skrubu yake kila presha inaposhuka. Nozeli imechakaa, mtu anakaza skrubu. Chujio limeziba, anakaza skrubu. Siku nozeli mpya inapofungwa, presha inapita kiwango, na mpira unapasuka mkononi mwa mwenzetu mwingine asiyejua chochote. Skrubu hiyo hurekebishwa kwa geji na kwa kitabu cha mashine, wala si kwa sikio.

5. DALILI NA MAANA YAKE

Fundi mzuri husikiliza na kutazama kabla ya kushika. Dalili zifuatazo zibandikwe ukutani karibu na mashine.

Mshale wa geji unacheza na mpira unaruka-ruka. Hewa inaingia, au vali moja kati ya sita imeshikwa na chembe ya mchanga. Pistoni mbili zinasukuma, ya tatu inapiga bure.

Presha ni nzuri mwanzo, kisha inashuka. Maji yanayoingia hayatoshi, au maji yamepata moto kwa kuzunguka ndani, au sili zimechoka.

Pampu inalia kama inasaga kokoto. Ina njaa ya maji. Maji yakikosa, mapovu matupu huzaliwa ndani, nayo yakipasuka huung'ata uso wa chuma. Ugonjwa huu huzila hata turbine kubwa za umeme wa maji. Zima upesi, urudi hatua ya kwanza.

Pampu inagonga kwa mpigo, na sauti haibadiliki hata maji yakitosha. Bering au shafti imechakaa. Hii ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Maji yanadondoka chini ya pampu. Sili za maji zimechoka. Matone machache si balaa leo, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

Oili imegeuka nyeupe kama maziwa. Maji yamepita sili na kuingia kwenye oili. Simamisha mashine. Oili ya namna hiyo hailainishi tena, na kila saa ya kazi inaziua bering.

Mota inanguruma bila kuzunguka. Umeme ni hafifu, waya wa kuunganishia ni mwembamba na mrefu mno, kapasita imekufa, au pampu imekwama. Zima mara moja kabla mota haijaungua, umwite fundi umeme.

6. KUFUNGUA NA KUTENGENEZA

Ikiwa hatua zote sita zimepitiwa na pampu bado inashindwa, sasa tuna haki ya kuifungua. Tandika kitambaa safi. Hatua za usalama za sehemu ya tatu ziwe zimekwisha kutimizwa.

Vali. Fungua vifuniko vya vali kimoja kimoja, na ukipange kila kitu kwa mstari kama kilivyotoka. Vali iliyokaa tundu la kwanza irudi tundu la kwanza. Tazama kikalio chake: ni laini, au kina mashimo na mikwaruzo? Springi imevunjika? Mara nyingi hutakuta zaidi ya chembe ya mchanga au kipande cha utepe mweupe wa kuzibia nyuzi za bomba, kilichobebwa na maji. Suuza kwa maji safi, badilisha ringi ya mpira iliyobonyea, rudisha. Vali yenye mashimo haisuguliwi kwa msasa, hubadilishwa.

Sili na pistoni. Legeza bolti za kichwa cha pampu kwa kupishana, huku na kule, kidogo kidogo, kisha kivute kichwa moja kwa moja bila kukipinda, maana pistoni za kauri hupasuka kwa kupigwa pembeni. Pitisha ukucha juu ya pistoni. Ukucha ukikwama kwenye ufa au mkwaruzo, pistoni hiyo haifai, na sili mpya utakayoiweka juu yake itakatwa baada ya siku chache. Toa sili za zamani huku ukiandika zilivyokuwa zimekaa: mdomo wa sili huelekea kule presha inakotoka. Sili iliyowekwa kinyume huvuja siku ile ile. Paka grisi isiyodhuru mpira, sukuma sili mpya taratibu bila bisibisi kali. Badilisha seti nzima. Kubadilisha sili moja kati ya tatu ni kujipangia kazi ya juma lijalo.

Kufunga. Rudisha kichwa sawasawa, kaza bolti kwa kupishana katika mizunguko miwili au mitatu, kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni. Nguvu ya bega si kipimo.

Oili. Imwage ikiwa vuguvugu, weka oili ya aina aliyoagiza mtengenezaji, mpaka alama ya katikati ya kioo. Kama ilikuwa nyeupe, zungusha pampu kidogo, imwage tena, na uweke nyingine.

Kujaribu. Fungua maji kwanza. Fyatua bunduki bila nozeli mpaka hewa yote itoke. Ndipo uwashe mashine, uache maji yatiririke, uzime, ufunge nozeli, uwashe tena. Ifanye kazi dakika kumi ukitazama geji na sehemu ya chini ya pampu. Andika matokeo katika daftari.

7. PAMPU IKIFA, NANI ALIPE?

Tunafika kwenye jambo linalomgusa mfanyakazi mfukoni. Katika karakana moja ya ukanda huu wa ziwa, ambayo hatuitaji jina, pampu ilikwama mikononi mwa kijana mwosha magari. Msimamizi alisema kijana ameiua kwa uzembe, na bei yake ikaamriwa ikatwe katika mshahara wake mwezi hadi mwezi. Kijana hakuwa na la kujibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemfundisha mashine ile inavyofanya kazi.

Tawi la chama halikupiga kelele. Liliomba jambo moja: pampu ifunguliwe mbele ya pande zote mbili. Ndoo ya lita 20 ikaletwa. Ilichukua karibu dakika tatu kujaa, na kibao cha mashine kilitaka lita 15 kwa dakika. Ikaonekana kwamba uwanja ulipopanuliwa, maji ya mashine yaliunganishwa kwenye bomba jembamba linalogawana na mabomba mengine. Chujio lilikuwa limejaa mchanga laini, na katika orodha ya kazi hakuna mtu aliyepewa wajibu wa kulisafisha. Vikalio vya vali vilikuwa vimeng'atwa vyote. Pampu ilikufa kwa njaa, na njaa hiyo haikuletwa na kijana. Makato yakafutwa, na pipa la lita 200 likawekwa ili mashine ivute maji ya kutosha.

Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema makato ya mshahara yafanywe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote, na kwamba anayejiondoa kwenye kazi kwa sababu ya kweli ya kuamini kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake alindwe asiadhibiwe isivyostahili. Tena mwezi Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliingiza usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za kazi. Katiba na sheria za nchi zetu hutofautiana, kwa hiyo kila tawi lisome sheria yake ya kazi kabla ya kudai.

Lakini haki bila ushahidi ni maneno. Ushahidi wetu ni daftari la mashine. Liandikwe tarehe, saa za kazi, maji yaliyopimwa kwa ndoo, presha iliyosomwa, chujio liliposafishwa, oili ilipobadilishwa, na hitilafu zilizoripotiwa pamoja na jina la aliyepokea taarifa. Hitilafu iliyoripotiwa leo kwa maandishi haitageuka kuwa uzembe wa mfanyakazi kesho.

8. MATUNZO YA KILA SIKU

Kabla ya kazi: tazama oili, chujio, mpira na waya. Mpira uliovimba au uliochanika mpaka nyuzi za chuma zikaonekana ni wa kutupa.

Wakati wa kazi: usiache mashine ikizunguka na bunduki imefungwa zaidi ya dakika mbili hivi. Maji yale yale huzunguka ndani na kuchemka. Baadhi ya pampu zina vali ya kumwaga maji yakifika kiasi cha nyuzi 60 za joto, lakini nyingine hazina, na sili zake hukauka na kupasuka. Wala usiendeshe pampu bila maji hata kwa kujaribu tu.

Baada ya kazi: pitisha maji safi kuondoa sabuni, zima, funga bomba, fyatua bunduki, kunja mpira bila kuuvunja.

Oili: watengenezaji wengi huagiza ibadilishwe mara ya kwanza baada ya saa 50 za kazi, na baadaye kila baada ya saa 500 hivi. Kitabu cha mashine yenu ndicho cha kufuatwa. Kama kitabu kimefungiwa kabatini ofisini, tawi liombe nakala iwekwe karakana, maana anayekihitaji ni yule mwenye spana.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kibao kinasema lita 12 kwa dakika. Ndoo ya lita 20 imejaa kwa dakika mbili. Je, maji yanatosha? Eleza kwa hesabu.
2. Mashine ya bar 120 na lita 10 kwa dakika inahitaji kilowati ngapi?
3. Presha imeshuka, na mwenzako anataka kukaza skrubu ya vali ya kurudishia. Utamweleza nini?
4. Oili imegeuka nyeupe lakini msimamizi anataka kazi iishe leo. Tawi lifanye nini, na liandike nini katika daftari?
5. Mwenzako amechomwa na maji ya presha kidoleni, anasema haumwi sana. Mtachukua hatua gani, na kwa haraka gani?
6. Mahali penu pa kazi, nani amepewa kwa maandishi wajibu wa kusafisha chujio? Kama hakuna, mtalifikisha jambo hili wapi?

Majibu yajadiliwe katika tawi, na swali la sita lipelekwe kwenye kamati ya usalama kabla ya pampu nyingine kufa kwa njaa.